KUTU YA BOLTI ZA KERIA: TUPENI GRISI, MSITUKATE MISHAHARA

Ndugu wanachama,

Katika gereji moja ya magari ya kazi, hapa hapa pwani, limebandikwa tangazo. Jina la mwajiri sitalitaja. Yeye anajijua, na wanaofanya kazi kwake wanamjua. Tangazo lasema kwamba kila bolti ya keria itakayokatika au kukwama wakati wa kufunguliwa, gharama ya kuitengeneza itakatwa katika mshahara wa dereva na wa tanboi wake. Sababu wanayotoa ni kwamba bolti hupata kutu kwa ajili ya uzembe wa wafanyakazi.

Mimi nasema tangazo hilo ni uwongo, ni dhuluma, na tena ni hatari. Ni uwongo kwa sababu kutu haiji kwa kuitwa na dereva. Huja pale chuma kilipoachwa bila kinga. Ni dhuluma kwa sababu yule aliyenyima kinga ndiye huyo huyo anayetoza faini. Na ni hatari kwa sababu mfanyakazi akijua kwamba atakatwa mshahara siku atakapoifungua bolti, hataifungua kamwe. Na bolti isiyofunguliwa ndiyo itakayoua mtu.

Najua wako watakaocheka na kuuliza, je, chama kimekosa mambo makubwa hata kiandike habari ya bolti? Mishahara iko, nyumba ziko, saa za kazi ziko. Nami nawajibu hivi: anayekubali kukatwa kwa ajili ya bolti moja mwezi huu atakatwa kwa ajili ya taa mwezi ujao, na kwa ajili ya tairi mwezi wa tatu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

UZITO ULIO JUU YA VICHWA VYETU

Sisi tunaofanya kazi ya njia ya reli twajua gari la gengi lilivyo. Ndani wanakaa watu. Juu, kwenye keria, hufungwa ngazi, mitaimbo, sururu, koleo, makopo ya rangi, na pengine mzigo mwingine ambao karani wa stoo ameona hauna mahali. Mtu akitazama anadhani keria ndiyo inayoshika vyote hivyo. Sivyo. Keria yenyewe imeshikwa na bolti zinazoifunga kwenye paa. Katika magari mengi niliyoyaona ni bolti 6 au 8, na kila moja unene wake ni milimita 8 tu. Gari likikanyaga breki kwa ghafula, uzito wote hutaka kwenda mbele. Likipita juu ya tuta, uzito wote hutaka kuruka. Ni bolti hizo chache zinazoukataza.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana hesabu haina upendeleo. Bolti ya milimita 8, ukiipima ndani ya mabonde ya nyuzi zake, yaani ile mistari ya kuzunguka ambayo mafundi huiita tredi, kiini chake ni karibu milimita 6.5. Tuseme kutu imekula nusu milimita kila upande. Kiini kimebaki milimita 5.5. Nyapara atasema, imepungua milimita moja tu, kelele za nini? Lakini nguvu ya bolti haihesabiwi kwa upana wake. Huhesabiwa kwa uso wa chuma unaouona ukiikata kama muwa. Zidisha 6.5 kwa 6.5, wapata 42.25. Zidisha 5.5 kwa 5.5, wapata 30.25. Zaidi ya robo ya nguvu imekwisha kwenda, na kwa nje kichwa cha bolti bado kinang'aa kwa rangi.

Katika kazi yangu nimeona keria ikichomoka upande mmoja juu ya matuta ya barabara, na ngazi ya chuma ikashuka begani kwa mwenzetu aliyekuwa akishuka garini. Bega lilivunjika. Bolti mbili zilizokatika zilipookotwa, sehemu mpya iliyong'aa katikati ilikuwa ndogo, na yote iliyobaki ilikuwa nyekundu kwa kutu ya siku nyingi. Maana yake bolti zile hazikukatika siku ile. Zilikuwa zinakatika kwa miezi mingi, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuzifungua na kuzitazama.

KUTU HUTOKA WAPI

Wengi wetu tuliosoma shule za misheni twakumbuka kwamba Injili ya Mathayo yataja nondo na kutu pamoja, kuwa ndio waharibifu wa hazina. Lakini nondo huja kwa mabawa yake. Kutu haina mabawa. Haiji mpaka ipate vitu viwili pamoja: maji, na ile hewa ya oksijeni tunayoipumua. Ondoa kimoja katika hivyo viwili, kutu haipati nafasi. Hii ndiyo siri yote, na haikufichwa kwa mtu yeyote.

Tena yafaa tujue kwamba chuma kilichimbwa ardhini katika mawe ambayo mengi yao ni mekundu, na wekundu ule ni ndugu wa kutu. Watu wakayatia katika tanuru la moto mkali, wakatoa oksijeni, wakapata chuma. Basi chuma kikiachwa peke yake katika unyevu hutaka kurudi kilikotoka.

Huku pwani jambo huzidi kwa sababu ya chumvi. Upepo wa Kusi na wa Kaskazi hutoka baharini na kuleta chumvi isiyoonekana kwa macho. Chumvi hufanya mambo mawili. Kwanza, hunyonya unyevu wa hewa, hata bolti ikabaki mbichi siku ambayo mvua haikunyesha. Pili, maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo sana unaopita katika maji yaliyoshika chuma. Kwa hiyo bolti iliyoko Kilindini au Changamwe huliwa upesi kuliko ndugu yake aliyeko mahali pakavu bara.

Na kwa nini kutu hupenda nyuzi? Kwa sababu uzi wa bolti ni mfereji mwembamba. Maji yakigusa mdomo wake huvutwa ndani, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Jua likiwaka, paa hukauka kwa nje, lakini ndani ya nyuzi maji hubaki. Usiku paa la gari hupoa upesi na umande hukaa juu yake, hata kiangazi. Asubuhi umande huteremka mpaka kwenye bolti. Kisha kutu ikiisha kufanyika, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi. Katika mfereji ule mwembamba nafasi haiko. Basi kutu hubana bolti na nati kama kabari. Ndipo siku ya kufungua, fundi huweka spana, husukuma, na bolti hukatika shingoni. Kipande hubaki ndani ya nati, na nati nyingi za keria zimechomelewa ndani ya paa, mahali mkono usipofika. Hapo yabidi kutoboa kwa keekee, na pengine kufumua kitambaa cha ndani ya gari. Hiyo ndiyo gharama wanayotaka kumtwika dereva.

MANENO YA MABWANA, NA MAJIBU YAKE

Neno la kwanza: “Hii ni hewa ya pwani, hakuna awezaye kuizuia.” Kama ni hewa, mbona mwakata mshahara wa mtu? Je, dereva ndiye anayepuliza upepo? Lakini hata kwamba haizuiliki si kweli. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Tangu siku hizo reli imefungwa kwa bolti katika upepo huu huu wa bahari. Waliozilinda bolti hizo ni watu wa gengi, kwa brashi ya waya na kopo la grisi: kufungua fishpleti, ambavyo ni vyuma vya kuunganishia reli, kusafisha, kupaka, kufunga tena. Kazi hii ni ya kizamani, na inajulikana dunia nzima mahali palipo na reli. Yule asemaye kwamba kutu haizuiliki ajue kwamba watu wasiojua kusoma waliizuia kabla babu yake hajazaliwa.

Neno la pili: “Grisi ni gharama.” Haya, na tupime. Bolti moja ya keria yahitaji grisi kiasi cha punje ya haragwe, tuseme gramu 2. Gari lenye bolti 8, likipakwa mara mbili kwa mwaka, latumia gramu 32. Kopo la grisi la nusu kilo lina gramu 500. Gawanya mwenyewe: kopo moja latosha magari 15 kwa mwaka mzima, na kidogo husalia. Wanaosema hii ni gharama waandike bei ya kopo hilo upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili waandike bei ya kutoboa paa moja. Kisha waibandike karatasi hiyo ubaoni badala ya lile tangazo lao.

Neno la tatu: “Tutanunua bolti za stenlesi, zisizoshika kutu, na mambo yatakwisha.” Bolti za stenlesi ni nzuri, hatuzikatai. Lakini nati iliyochomelewa ndani ya paa ni chuma cha kawaida, nayo itaendelea kuliwa, na chumvi ikiingia kati ya vyuma viwili visivyo vya namna moja, kile kilicho dhaifu huliwa zaidi. Keria ya alumini nayo ikifungwa kwa chuma bila kitu cha kutenganisha, alumini hutoa unga mweupe na kulika. Tena stenlesi ikifungwa kwa stenlesi bila mafuta, nyuzi zaweza kung'ang'aniana hata zisifunguke kabisa. Kwa hiyo hata ukinunua bolti ya bei kubwa, hukuepuka kopo la grisi. Atakayewaambia vinginevyo ana duka la bolti.

Neno la nne ndilo la matusi: “Ni uzembe.” Mimi nauliza maswali manne tu. Stoo ina grisi ya kazi hii? Kuna brashi ya waya? Kuna saa iliyoandikwa katika ratiba ya gereji kwa ajili ya kufungua keria? Kuna daftari linaloonyesha lini bolti zilifunguliwa mara ya mwisho? Kama majibu yote ni hapana, basi mzembe anajulikana, na kiti chake kina mto.

SHERIA YASEMAJE

Mwanachama asidanganywe kwamba kukata mshahara ni mapenzi ya meneja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaeleza ni makato gani yanaruhusiwa. Kwa habari ya mali ya mwajiri iliyoharibika, sheria huruhusu kukata kiasi cha haki tu, na hapo ni pale hasara ilipotokana na kosa la kusudi la mfanyakazi. Litazameni neno hilo, kusudi. Je, kuna dereva aliyekesha usiku akiimwagia bolti maji ya bahari kwa kusudi? Kama hayuko, kato hilo halina mguu wa kusimamia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo pia ni ya mwaka 2007, yamlazimisha mwajiri kutunza vyombo vya kazi ili visilete madhara kwa wafanyakazi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi yataka iwepo kamati ya usalama, yenye wawakilishi wa pande zote mbili. Na mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, yampasa kumwarifu msimamizi wake. Na mwajiri hana haki ya kumrudisha mtu mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, yampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri ya kazi, na haki ya kuingia chama na kugoma.

Haki hizi hazikuanguka kutoka mbinguni kama mvua. Mwezi wa Januari mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wa kazi nyingine, waliweka vyombo chini kwa maelfu, na Chege Kibachia akawa sauti yao. Alikamatwa mwaka ule ule na akafungiwa mbali kwa miaka mingi. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi Nairobi mwaka 1935, alikamatwa mwaka 1950 akawekwa mbali mpaka mwaka 1961. Wazee hawa hawakuteseka ili sisi tuje tukatwe mshahara kwa ajili ya upepo wa bahari.

NA SISI WENYEWE JE?

Nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu. Kuna wenzetu wenye maneno yao, nayo hayafai.

Kuna asemaye, “Gari si langu, acha lioze.” Ndugu, gari ni la tajiri, lakini kichwa kilicho chini ya ngazi ni chako. Kutu haimuulizi mtu kama ni mwajiri au mwajiriwa.

Kuna anayeona bolti imekwama, akachukua bomba refu akalivika kwenye spana ili apate nguvu. Bolti ikakatika, naye akapaka rangi juu ya kichwa kisicho na mwili, keria ikaonekana nzima. Huyo hakumdanganya meneja tu, amewadanganya watakaopanda gari kesho.

Na kuna apakaye oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, akidhani ameokoa. Oili ile imejaa uchafu na asidi ya moto wa injini, si kinga ya chuma. Tena ikikaa katika ngozi kila siku yaweza kuleta maradhi mabaya, hata saratani. Tukikubali kutumia oili chafu, tajiri atasema, mbona mnaendelea vizuri bila grisi? Tusimpe neno hilo mkononi.

KAZI YENYEWE HUFANYWA HIVI

Ili asije mtu akasema chama kinadai grisi bila kujua matumizi yake, naandika hapa utaratibu, na kila gereji iubandike ukutani:

1. Fanya kazi hii mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Machi kabla ya masika, na mwanzo wa Oktoba kabla ya vuli. Magari yalalayo karibu na bahari yatazamwe pia katikati.

2. Kwanza osha paa na miguu ya keria kwa maji matamu, uondoe chumvi. Acha ikauke kabisa. Grisi ikipakwa juu ya chumvi na maji, umeifungia kutu ndani ya nyumba pamoja na chakula chake.

3. Bolti iliyokwama usishindane nayo. Tia mafuta mepesi ya kupenya, uiache usiku kucha. Asubuhi izungushe kidogo kwa kufungua, kisha kidogo kwa kufunga, kwenda na kurudi, mpaka ilegee. Mafuta haya mepesi ni ya kufungulia tu. Hukauka upesi, hayawezi kulinda bolti msimu mzima.

4. Safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya waya. Nyuzi za nati husafishwa kwa tapu ya kipimo kile kile. Hapa jihadhari sana. Bolti ya inchi 5/16 unene wake ni milimita 7.94, na kwa macho hutaitofautisha na ya milimita 8. Lakini ya inchi, ile ya nyuzi nene, ina nyuzi 18 kwa inchi, yaani kila uzi uko mbali na mwenzake karibu milimita 1.41, na ya milimita 8 ya kawaida ni 1.25. Ukiilazimisha moja ndani ya nyingine umeua nati. Katika makopo ya gereji zetu bolti za namna zote mbili zimechanganyika, basi jaribu kwanza kwa vidole. Isiyoingia kwa vidole isisukumwe kwa spana.

5. Bolti ambayo nyuzi zake zimelika, zimepindika, au zimekuwa nyembamba kiunoni, itupwe. Usiitie tena kwa sababu ya huruma. Bolti mpya iwe na alama ya nguvu kichwani, kama 8.8, nayo iwe imepakwa zinki, maana zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone.

6. Paka grisi nyuzi zote, na chini ya kichwa, na chini ya washa. Grisi isiyoondolewa upesi na maji ndiyo itakikanayo, ile inayotumika baharini ikipatikana. Keria ikiwa ni ya alumini, weka washa ya plastiki au ya mpira mgumu kati yake na chuma, kama watengenezaji wa keria wanavyoelekeza.

7. Funga kwa nguvu ya kadiri, wala usikaze kupita kiasi. Bolti yenye grisi huteleza, kwa hiyo nguvu ile ile ya mkono huivuta zaidi kuliko bolti kavu. Baada ya safari ya kwanza zitazame zote tena, maana keria mpya au iliyofungwa upya hukaa chini kidogo na bolti hulegea.

8. Keria ikiondolewa garini, matundu yasiachwe wazi. Jaza grisi, kisha funga kwa vifuniko vyake au kwa bolti fupi. Tundu wazi juu ya paa ni kikombe kinachongoja mvua.

9. Andika katika daftari tarehe, namba ya gari, bolti zilizobadilishwa, na jina la fundi. Daftari hilo ni ngao yako siku ya kuitwa ofisini.

Kwa mafundi wawili, kazi hii katika gari moja lisilo na bolti iliyokwama haifiki nusu siku. Hakuna ndani yake jambo la ajabu wala la kuhitaji mtaalamu kutoka Ulaya.

TUNADAI NINI

Basi wawakilishi wetu wakienda mezani wapeleke madai haya, nayo ni machache:

(a) Tangazo la kukata mishahara kwa ajili ya bolti za keria liondolewe, na mtu yeyote aliyekwisha kukatwa arudishiwe fedha zake zote.

(b) Kila gereji ipewe grisi, brashi za waya, mafuta ya kupenya, tapu za kipimo sahihi, glavu, na bolti za akiba, bila mfanyakazi kutoa senti yake.

(c) Saa za kazi hii ziandikwe katika ratiba ya gereji, mara mbili kwa mwaka, wala zisiwe za wizi kati ya safari na safari.

(d) Dereva akiandika kwamba keria ni mbovu, gari lisitoke na mzigo juu mpaka litazamwe, na dereva asiadhibiwe kwa kuandika.

(e) Jambo hili liwekwe mbele ya kamati ya usalama ya kila mahali pa kazi. Mahali ambapo kamati haiko, ingawa watu wamefika 20, wawakilishi waidai kwanza.

Mwanachama ambaye amekatwa mshahara kwa ajili hii asikae kimya akiona aibu. Alete karatasi yake ya mshahara kwa mwakilishi wa tawi lake. Asiye na karatasi aje na ushahidi wa wenzake. Mtu mmoja akienda ofisini kulalamika ataambiwa arudi kesho. Tukienda 40 kwa neno moja, mlango hufunguka. Umoja ni nguvu, na hili twalijua zaidi sisi wa reli, ambao hatujaona mtu mmoja akiinua reli peke yake.

Mabwana wa ofisini nao, kama karatasi hii itawafikia, na najua huwafikia, wasikasirike. Hatujaomba gari jipya. Hatujaomba nyumba ya ghorofa katika barua hii, ingawa hiyo nayo tutaiomba kwa wakati wake. Tumeomba kopo la grisi na nusu siku ya kazi, ili watu wafike nyumbani na mabega yao yakiwa mazima na mishahara yao ikiwa kamili. Anayenyima hilo asituambie tena habari ya uzembe.

GRISI KWENYE BOLTI, MSHAHARA MFUKONI!

Wenu katika chama,
Mfanyakazi wa Reli, Mombasa